Aliyevuka Maji: Kwa Nini Wapenzi wa Mpira Visiwani Hawamsahau Mchezaji Aliyeondoka

Kila Januari, Kombe la Mapinduzi linapochezwa katika Uwanja wa Amaan, huonekana jambo ambalo humtatiza mgeni aliyekaa jukwaani kwa mara ya kwanza. Timu ya Bara, tuseme Yanga, inacheza na timu ya Unguja, tuseme KMKM. Beki wa Yanga anamuwahi mshambuliaji wa KMKM, anamnyang'anya mpira kwa utulivu, na baadhi ya watu waliokuja kuishangilia KMKM wanampigia makofi. Mgeni hudhani kuwa watu hawa hawajui wanamshangilia nani, au kwamba ni Yanga waliojificha ndani ya jezi za wenyeji. Sivyo. Beki yule aliwahi kuwa mchezaji wao, na kwa hesabu wanayoifuata bado hajatoka mikononi mwao, ijapokuwa mshahara wake sasa unalipwa Dar es Salaam.

Hesabu hiyo ndiyo ninayokusudia kuifumua hapa, kwa sababu ina nyuzi nyingi zilizosokotana: mtaa, klabu, kikosi cha serikali, Bara, shirikisho la mpira la dunia, na majina ya utani ambayo aghalabu hudumu kuliko majina ya vyeti vya kuzaliwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika mpira wa Zanzibar ya leo methali hiyo imepinda kidogo, kwani mcheza kwao hupigiwa makofi na kusahauliwa msimu ukiisha, ilhali aliyevuka maji ndiye anayehifadhiwa barazani miaka na miaka. Wapo wanaosema kuwa huo ni ulimbukeni wa kupenda vya Bara. Mimi sikubaliani nao. Naona kwamba kumkumbuka mchezaji ndiyo njia iliyobaki kwa mpenzi wa klabu ya Visiwani ya kudai kuwa mchezaji huyo alitoka kwake, maana njia nyingine zote za kulidai jambo hilo, kama tutakavyoona, ama zimefungwa au ni nyembamba mno.

Tuanze na mtaa. Mpira uliingia Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kupitia Waingereza waliofanya kazi katika kampuni ya simu za baharini na kupitia skuli ya misheni ya Kiungani, na haukuchukua muda mrefu kabla ya viwanja vya Mnazi Mmoja kuwa mahali pa kukutana vijana wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo. Kufikia 1949 Zanzibar ilikuwa imekwishajiunga na Kombe la Gossage, mashindano yaliyoanzishwa na Kenya na Uganda mwaka 1926 na kupewa jina la watengenezaji wa sabuni. Timu zilizochipuka katika miongo hiyo na iliyofuata nyingi zilichukua majina ya mahali: Malindi, Vuga, Kikwajuni, Miembeni, Mlandege, Shangani, Jang'ombe. Jina la timu lilikuwa jina la watu waliochota maji katika bomba moja, wakasali msikiti mmoja na kuzikana makaburi yaleyale, kwa hiyo mchezaji hakuwa mwajiriwa wa klabu wala nyota wa kulipiwa tiketi. Alikuwa mtoto wa fulani, aliyelelewa kwa bibi yake nyumba ya tatu kutoka msikitini, na ambaye siku moja alivunja kioo cha duka kwa mpira wa makaratasi.

Usemi wa «kijana wetu» umetokana na hapo, na haufanani na usemi wa «mchezaji wetu» unaotumiwa na mashabiki wa klabu kubwa. Mchezaji wetu ni yule ambaye mkataba wake haujamalizika. Kijana wetu hana mkataba nasi, na hivyo hapana siku ambayo mkataba huo utakwisha. Hata mtaa unapogawanyika katika timu mbili, kama Jang'ombe ilivyokuwa na Taifa ya Jang'ombe na Jang'ombe Boys, timu hizo hutaniana na hata kugombana zikiwa hai, lakini kijana akishaondoka huwa wa Jang'ombe nzima. Abdallah Shaibu «Ninja» alipotoka Taifa ya Jang'ombe kwenda Yanga mwaka 2017, na baadaye kufika hata Marekani, sidhani kama wapenzi wa Boys walisita kumhesabu kuwa wao.

Juu ya uzi huo wa mtaa umepita uzi wa pili, ambao huwafanya watu wa Bara watucheke. Mpenzi wa mpira wa Unguja aghalabu ana timu mbili: moja ya hapa na nyingine ya kule, yaani Yanga, iliyoanzishwa 1935, au Simba, iliyoanzishwa 1936. Mtu anaweza kuwa Mlandege kwa damu na Simba kwa imani, na hilo halimpi tabu mpaka siku Mlandege na Simba zinapokutana, kama ilivyotokea katika fainali ya Kombe la Mapinduzi ya 2024, ambapo Mlandege ilishinda 1-0 na wengi wakalazimika kuchagua furaha ipi waionyeshe na huzuni ipi waimeze. Kwa hiyo mchezaji anayetoka klabu ya Unguja kwenda Yanga au Simba haendi ugenini kabisa, bali huhama kutoka upande mmoja wa moyo wa shabiki kwenda upande wa pili. Ndiyo maana kuondoka kwake hakuchukuliwi kuwa usaliti, na neno linalomstahiki ni kuvuka. Anayevuka hutazamiwa kuonekana akiwa ng'ambo ya pili.

Hata hivyo, hali haikuwa hivi siku zote, na bila ya kuuelewa wakati uliopita hatuwezi kuuelewa huu wa sasa. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 bingwa wa Tanzania alipatikana kwa Ligi ya Muungano, iliyozikutanisha klabu za juu za Bara na za Visiwani, na klabu za Zanzibar hazikuingia humo kama wageni waalikwa. KMKM ilitwaa ubingwa mwaka 1984, Malindi ikautwaa mwaka 1989 na tena mwaka 1992. Malindi ya miaka hiyo ilikuwa na uwezo wa kuvuta wachezaji kutoka Bara waje Unguja, na safari ya kuvuka maji ilikwenda pande zote mbili. Mwaka 1995 Malindi ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF, yaani la shirikisho la mpira la Afrika, na mwaka huohuo timu ya Zanzibar ilikwenda Uganda, ikawafunga wenyeji 1-0 katika fainali na kurudi na Kombe la Chalenji, la timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati, kombe ambalo hadi leo ndilo kubwa zaidi kuwahi kuletwa na timu ya Visiwani. (Msomaji wa Kikwajuni au wa Small Simba atasema kuwa nimeipendelea Malindi. Nakubali, ila makombe hayakuulizia mtaa wangu.)

Sikiliza jinsi wazee wanavyoikumbuka miaka hiyo na utaona tofauti. Hawaanzi na jina la mchezaji mmoja. Wanaanza na mlinda mlango, wanakwenda beki wa kulia, beki wa kushoto, wanapanda hadi namba kumi na moja, na yeyote anayekosea namba nne hukatizwa hapohapo na kutakiwa aanze tena. Kumbukumbu yao ni ya kikosi kizima, kama mtu asomaye uradi, kwa sababu wachezaji waliondoka pamoja, wakashinda pamoja na kurudi pamoja. Muulize kijana wa miaka 25 kuhusu klabu yake ya hapa, naye atakutajia mtu mmoja mmoja: fulani yuko Yanga, fulani yupo Azam, fulani alikwenda Simba hakupata namba. Wazee wanakumbuka timu na vijana wanakumbuka watu, na kati ya kumbukumbu hizo mbili ndipo ilipobadilika hali ya mpira wa Zanzibar.

Badiliko hilo lina kinaya ndani yake. Ligi ya Muungano ilipomalizika mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Zanzibar ikapata nafasi ya kupeleka klabu zake katika mashindano ya CAF kwa jina lake yenyewe, watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini pamoja na kupata nafasi hiyo, klabu za Visiwani zilipoteza ushindani wa wiki kwa wiki na timu kubwa za Bara, ambao ndio uliokuwa ukiwanoa wachezaji na kuwajaza watu viwanjani. Ligi ya Bara ikaendelea kukua, fedha za udhamini zikaongezeka, na tangu 2013 mechi zake zikaanza kuingia majumbani kwetu kupitia Azam TV. Klabu za Visiwani zikawa zinatolewa mapema katika mashindano ya Afrika, aghalabu katika raundi ya awali. Kijana mwenye kipaji akawa hana sababu ya kubaki zaidi ya mapenzi, nayo mapenzi hayalipi kodi ya nyumba.

Hapa panahitaji kutajwa vikosi, kwa kuwa asiyevijua hawezi kuuelewa usajili wa Zanzibar. Serikali ya Mapinduzi ina idara maalumu tano, na kila moja ina timu yake ya mpira: KMKM, yaani Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, Mafunzo, ambao ni watu wa magereza, Zimamoto na Uokozi, na KVZ, Kikosi cha Valantia. Mchezaji anayesajiliwa na timu ya kikosi mara nyingi husajiliwa mara mbili, mara ya kwanza kama mchezaji na mara ya pili kama askari. Anakwenda mafunzoni, anavaa gwanda, anapewa namba ya utumishi na mshahara wa mwezi ambao haupungui akivunjika mguu wala haukatiki msimu ukiisha. Kwa mzazi wa Kiunguja hiyo ndiyo ajira, na mpira ni nyongeza. Klabu ya mtaa haina cha kushindana na hilo, na kwa miaka mingi sasa vikosi vimekuwa vikivuna vijana ambao mitaa imewapanda katika ligi za watoto, zile za Juvenile, Junior na Central zinazochezwa alasiri katika viwanja vya vumbi.

Matokeo yake katika kumbukumbu ni ya ajabu kidogo. Timu ya kikosi inaweza kuwa bingwa huku haina mtaa nyuma yake. Majukwaa yake hujazwa na askari wenzao, na askari huhamishwa vituo. Mchezaji wa kikosi hukumbukwa na nani, basi? Hukumbukwa na mtaa uliomzaa, ambao hauna hata kikombe kimoja cha kuonyesha. Ibrahim Hamad «Bacca» alikuwa askari wa KMKM kabla ya Yanga kumchukua Januari 2022. Aggrey Morris alitokea Mafunzo kabla ya kwenda Azam na kuwa mmoja wa mabeki wa kutegemewa wa Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania. Feisal Salum «Fei Toto» alitokea JKU alipojiunga na Yanga mwaka 2018. Vikosi vina orodha zao rasmi za watumishi, lakini ukitaka kujua Fei alikuwa akipiga vipi mashuti akiwa na miaka kumi na tatu, usiende kambini Saateni, nenda barazani.

Nimetaja majina ya utani, na hayo yanastahili kusimamiwa kidogo, kwa sababu ndiyo makabati ya kumbukumbu hizi. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, takriban miongo miwili kabla ya Bara kupata yake, na watu wa Visiwani walizoea kuwaona wachezaji wa nje na kuwafananisha na wa kwao. Ndiyo sababu jina la utani la mchezaji wa Zanzibar mara nyingi humwambia msikilizaji makini ni mwaka gani jina hilo lilipatikana. Khamis Mcha aliyekwenda Azam ni «Viali», na jina hilo, la mshambuliaji Gianluca Vialli, linanukia Italia ya miaka ya 1990. Abdulhalim Humud ni «Gaucho», na hapo unamwona Ronaldinho na meno yake. Nadir Haroub ni «Cannavaro», beki ambaye hakuwa mrefu kupita kiasi lakini aliruka juu ya watu, kama yule nahodha wa Italia aliyenyanyua Kombe la Dunia mwaka 2006. Mtaa haukuwapa majina haya kwa kuiga tu. Uliwapa kama watu wanavyompa mtoto jina la babu, kwa kutaraji kuwa atafanana naye, na baadhi yao, kwa bahati, walifanana.

Kisa cha Cannavaro kinafaa kutazamwa kwa karibu. Alicheza Malindi, akavuka kwenda Yanga, mwaka 2009 akapelekwa Vancouver Whitecaps ya Canada, akarudi Yanga na kukaa huko hadi alipostaafu mwaka 2018. Katikati ya hayo alikuwa nahodha wa Taifa Stars na pia wa Zanzibar Heroes, timu ya Zanzibar. Shabiki wa Yanga wa Kariakoo anamkumbuka nahodha aliyenyanyua makombe ya ligi. Mpenzi wa Malindi anaweza kukuhadithia habari za Nadir kwa saa nzima bila ya kulitaja kombe hata moja la Yanga. Atakueleza jinsi alivyokuwa akikabiliana na washambuliaji wakubwa kuliko yeye, na namna alivyokuwa akiamkia wazee alipokuja mapumziko. Wote wawili wanasema kweli, kwa kuwa kila mmoja anahifadhi sehemu ya mtu huyo ambayo mwenzake hakuiona, au aliiona na hakuwa na haja nayo.

Abdi Kassim «Babi» naye ametuachia kumbukumbu ya aina ya peke yake. Uwanja mpya wa Taifa wa Dar es Salaam, ambao leo unaitwa Benjamin Mkapa, ulipofunguliwa kwa mchezo wa Taifa Stars na Uganda mwaka 2007, bao pekee la mchezo, ambalo ndilo la kwanza kufungwa katika uwanja huo, alilifunga yeye. Lilikuwa bao la Tanzania, lililofungwa katika ardhi ya Bara, mbele ya maelfu ambao wengi wao hawakujua alikotoka. Huku Visiwani bao hilo halihesabiwi hivyo. Linahesabiwa kama mtu anayekwenda kwa jirani aliyejenga nyumba mpya, akawa wa kwanza kukanyaga kizingiti chake. Wapo wasiokumbuka hata kidogo Babi alicheza misimu mingapi katika klabu za Bara, lakini hilo la kizingiti hawalisahau.

Sasa tufike kwenye uzi ambao ndio mgumu kuliko yote, nao ni wa makaratasi. Katika sheria za FIFA klabu iliyomlea mchezaji ina haki ambazo haziishii katika kumpigia makofi. Kuna fidia ya mafunzo, na kuna ule unaoitwa mchango wa mshikamano, ambao hufanya kazi hivi: mchezaji akiuzwa kabla ya mkataba wake kumalizika, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zote alizochezea tangu msimu wa miaka yake 12 hadi ule wa miaka 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 huwa na thamani ya asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu kuanzia miaka 16 hadi 23 huwa na asilimia 0.5. Tuseme mchezaji ameuzwa kwa shilingi milioni 400, na klabu ya mtaa ilimlea kwa misimu minne kuanzia akiwa na miaka 16. Klabu hiyo ingestahili asilimia 2, ambazo ni shilingi milioni 8. Kwa klabu ya Ulaya hizo ni fedha za chai, lakini kwa klabu ya Ng'ambo ni viatu, mipira, nauli za msimu na pengine paa la ofisi.

Lakini mfumo huo umetungwa kwa uhamisho unaovuka mipaka ya mashirikisho, na FIFA inalitambua shirikisho moja tu la Tanzania, nalo ni TFF. Zanzibar haimo katika FIFA kwa jina lake. Kwa hiyo kijana anayepanda boti asubuhi Malindi na kushuka Dar es Salaam baada ya saa mbili amevuka bahari lakini, mbele ya FIFA, hajavuka mpaka. Klabu yake ya Unguja itapata kile ilichoweza kukiandika katika makubaliano na klabu inayomchukua, na klabu za mtaa mara nyingi huwa na uongozi wa kujitolea, usio na mwanasheria, unaofurahi kwanza na kusoma karatasi baadaye. Akiuzwa tena kutoka Dar es Salaam kwenda nje, madai ya klabu iliyomlea yanalazimika kupita kwa wengine, na yanahitaji rekodi za usajili wa utotoni ambazo katika ligi zetu za watoto zilikuwa zikiandikwa katika daftari la katibu, naye katibu akihama nyumba daftari hupotea.

Mwaka 2017 ilionekana kana kwamba mlango huo utafunguka. Mnamo Machi mwaka huo, katika mkutano wa Addis Ababa, CAF iliipa Zanzibar uanachama kamili, na watu wakaanza kuota habari za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika na hata za kuingia FIFA. Furaha hiyo ilidumu miezi minne. Mwezi wa Julai, katika mkutano wa Rabat, CAF iliufuta uanachama huo kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na mashirikisho mawili. Desemba ya mwaka huohuo Zanzibar Heroes, wakiwa chini ya mwalimu Hemed Suleiman «Morocco», walikwenda Kenya katika Kombe la Chalenji, wakaifunga Tanzania Bara 2-1, wakaitoa Uganda katika nusu fainali, na katika fainali ya Machakos wakatoka sare ya 2-2 na wenyeji kabla ya kufungwa kwa mikwaju ya penalti. Walipokewa Unguja kama mabingwa. Ukiuliza leo juu ya mwaka 2017, watu hawaanzi na Addis Ababa wala Rabat, wanaanza na Machakos, kwa sababu kikosi kile kilikuwa dirisha la duka: Feisal, Ninja na Mohamed Issa «Banka» wote walipatikana humo, na msimu mmoja haukupita kabla ya watatu hao wote kuwa wamevaa jezi ya Yanga.

Wema huu wa kumbukumbu ulipata mtihani wake mkubwa katika kisa cha Fei Toto. Desemba 2022 alitangaza kuachana na Yanga huku mkataba wake ukiwa haujamalizika. Klabu ikakataa, na TFF ikaamua kuwa yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Kwa miezi kadhaa hakucheza, na katika miezi hiyohiyo Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya USM Alger, huku Wazanzibari wengine wawili, Bacca na Mudathir Yahya, wakiwa kikosini. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, naye Mzanzibari, alipoialika Yanga Ikulu kwa chakula cha jioni, aliuomba uongozi wa klabu ulimalize suala la kijana huyo, na hatimaye akahamia Azam.

Kwa shabiki wa Yanga wa Bara suala lilikuwa jepesi: mkataba ni mkataba. Kwa shabiki wa Yanga wa Unguja halikuwa jepesi hata kidogo, kwani zile pande mbili za moyo nilizozitaja zilikuwa zikivutana. Alikuwepo aliyesema kuwa kijana amekosa adabu kwa klabu iliyompandisha. Alikuwepo aliyesema kuwa kijana ameonewa kwa kuwa hana mtu wa kumsemea. Na alikuwepo mtu wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa akinifurahisha, aliyeyasema yote mawili katika kikao kimoja, la kwanza kabla ya kahawa na la pili baada yake. Nilichokibaini ni kwamba katika mabishano hayo yote hapakuwa na aliyemwondoa Feisal katika orodha ya «wetu». Walibishana juu ya alichokifanya, hawakubishana juu ya alikotoka. Klabu ya Bara inaweza kumtia mchezaji katika kundi la wasaliti, na mashabiki wake wakaichoma jezi yake. Mtaa hauwezi, kwa sababu mama yake bado anaishi hapo.

Wengine huvuka, wakarudi, wakavuka tena. Mudathir alipomaliza muda wake Azam mwaka 2022 alirejea Unguja na kuwa na KMKM, na watu wengi wa Bara walidhani kuwa habari zake zimekwisha. Januari 2023 akasajiliwa na Yanga. Mabaharia husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na katika mpira wetu ngama hiyo ni klabu ya nyumbani, ambako mchezaji hupata mazoezi, ushindani wa kiasi na watu wasiomuuliza kwa nini amerudi. Hili ni faida ya kumbukumbu ambayo haitajwi sana. Mchezaji anayekumbukwa vizuri ana mahali pa kurudi bila ya aibu, na baada ya kustaafu ana timu ya maveterani inayomsubiri, tumbo likiwa limekwishatangulia.

Pemba ina hesabu yake, na mtu wa Unguja anapaswa kuitaja kwa unyenyekevu. Kijana wa Pemba aliyeanzia Jamhuri, Chipukizi au Mwenge aghalabu huvuka mara mbili, kwanza kuja Unguja katika timu ya kikosi au ya mjini, kisha kwenda Bara, na katika kivuko cha pili habari za kwanza husahaulika: magazeti ya Dar es Salaam huandika kwamba ametoka Zanzibar, nasi wa Unguja hatujihangaishi kusahihisha. Wapemba wanajua. Kombe la Mapinduzi la 2025 lilipochezwa na timu za taifa katika Uwanja wa Gombani, Chake Chake, na Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali ya Januari 13, furaha iliyokuwapo kule haikuwa ya kombe peke yake. Kwa mara moja, wachezaji walikuwa wamevuka kuja Pemba.

Morocco mwenyewe, yule mwalimu wa Machakos, aliifundisha Taifa Stars kuanzia 2024 hadi 2025, na barazani kuna ubishi usiokwisha iwapo mwalimu naye ahesabiwe miongoni mwa waliovuka au hesabu hiyo ni ya wachezaji tu. Wakati wazee wanabishana, nenda Uwanja wa Mao alasiri moja ya mechi za Central ukakae karibu na lango la mashariki. Kutakuwa na mtoto wa miaka kumi na sita, mwembamba, soksi zimeshuka, anayepita watu kwa guu la kushoto. Pembeni yako watu wawili, ambao hawajauliza hata jina lake kamili, watakuwa wamekwishampa jina la mchezaji wa Hispania na wanagombana juu ya nani atamchukua, Azam au Yanga. Mmoja wao atasema, kwa sauti ya mtu anayehadithia jambo la miaka ishirini iliyopita, «huyu nilimwona mimi akichezea hapahapa», na mtoto bado yumo uwanjani, dakika ya thelathini, kipindi cha kwanza.